Uthabiti na utulivu wa chombo

Katika michezo ya kompyuta inayomruhusu mchezaji kusanifu manowari za kubuni, maneno haya mawili hayapaswi kubadilishana nafasi.

Uthabiti ni uwezo wa chombo kujirudisha wima baada ya kulazwa na upepo au wimbi. Huongezwa kwa farumi nzito chini, kwa ubavu mpana au, katika ngalawa, kwa mirengu.

Utulivu ni upole wa mrama wake, yaani kuyumba taratibu kiasi cha wapiga mizinga kuwahi kulenga shabaha.

Sifa hizi huvutana. Uthabiti ukizidi, chombo hujirudi kwa ghafla na mrama huwa wa kasi. Uzito ukipandishwa juu, mrama hupoa na utulivu huongezeka, lakini nguvu ya kujirudi hupungua. Vasa, manowari ya Uswidi, ilikuwa na uzito mkubwa mno juu. Mwaka 1628, katika safari yake ya kwanza, upepo usio mkali uliilaza, maji yakaingia kwa matundu ya mizinga yaliyokuwa wazi, ikazama papo hapo Stockholm.

*Mfano:* Manowari hii ina uthabiti lakini haina utulivu: haipinduki, wala hailengi.

Kwa hiyo, mfasiri akiandika "ongeza utulivu" mahali pa "ongeza uthabiti", mchezaji atapandisha uzito juu, na manowari yake itapinduka kwa sababu ametii maelekezo.