Mama, Pima Kwanza Programu ya Simu

Mama mwenye mimba, siku hizi kuna programu za simu za kukufundisha. Lakini picha nzuri si alama ya ukweli. Kabla ya kuitii programu, uulize mambo matatu.

Kwanza: Nani aliiandika? Waganga, ao wauzaji wa vitu?

Pili: Inafuata shauri la OMS la mwaka 2016, kwamba mama apimwe mara 8 ao zaidi?

Tatu: Mama akitokwa na damu, akiumwa sana kichwa, ao mtoto akiacha kucheza tumboni, inamwambia aende hospitali upesi? Ikimwambia angoje mpaka asubuhi, uifute.

Simu haiwezi kupapasa tumbo wala kupokea mtoto. Hiyo ni kazi ya mzalishaji.