Dola 5 za Ford na hesabu isiyokubali

Kila inapotajwa historia ya Ford Model T, swali lilelile hurudi: je, Henry Ford hakupandisha ujira hadi dola 5 kwa siku mwaka 1914 ili wafanyakazi wake waweze kununua magari waliyoyaunda kwa mikono yao, na je, si hapo gari hilo lilipopata soko? Jibu ni hapana kwa maswali yote mawili, na hapana hiyo inafaa kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa dhana hii imerudiwa katika hotuba na vitabu vya biashara hata imechukua nafasi ya historia yenyewe.

Tarehe peke yake zinatosha kuitikisa. Gari hilo liliingia sokoni Oktoba 1908, na lile la abiria watano liliuzwa kwa dola 850. Mwaka 1909 kampuni ilitengeneza magari zaidi ya 10,000, na kufikia 1913 idadi ilizidi 168,000 kwa mwaka, huku bei ikiwa imeshuka hadi dola 550. Wanunuzi hao, wengi wao wakulima na wakazi wa miji midogo ya Marekani, walivutiwa na gari jepesi la chuma cha vanadi, yaani chuma kilichochanganywa na madini yanayokiongezea uimara, lenye kimo cha kutosha kupita katika barabara za matope na lililoweza kutengenezwa na mwenyewe kwa vifaa vichache. Soko lilikuwepo kabla ya dola 5.

Hesabu nayo haikubali. Kabla ya Januari 1914 mfanyakazi wa kawaida katika kiwanda cha Highland Park, Michigan, alipata takriban dola 2.34 kwa siku ya saa tisa, kwa hiyo nyongeza ilikuwa dola 2.66, ambayo kwa siku 300 za kazi ni karibu dola 800 kwa mwaka. Kiwanda kilikuwa na wafanyakazi wapatao 14,000, na kama wote wangepewa nyongeza hiyo kampuni ingetumia zaidi ya dola milioni 11. Lakini kama kila mmoja wao angenunua gari moja, kampuni ingepokea chini ya dola milioni 8, na humo ingebidi ilipie chuma, matairi na mbao za magari hayo. Tena magari 14,000 ni sehemu ndogo sana ya yaliyouzwa mwaka huo, na aliyenunua gari leo hanunui jingine mwakani. Hakuna mfanyabiashara anayetoa shilingi 11 ili arudishiwe 8, na Ford hakuwa wa kwanza.

Sababu halisi ilikuwa ndani ya kiwanda. Katika majira ya kuchipua ya 1913 kazi ya kuunganisha magineto, kifaa kinachozalisha umeme wa cheche za kuwasha injini, iligawanywa: badala ya fundi mmoja kuikamilisha kwa dakika 20 hivi, watu 29 walisimama kandokando ya meza ndefu, kila mmoja akifunga skrubu au kutia kipande kimoja na kumsukumia mwenzake, na muda ukashuka hadi dakika 13 na sekunde 10. Meza ilipoinuliwa ili migongo isipinde, muda ulipungua zaidi. Mbinu hiyo ilipohamishiwa kwenye fremu ya gari, iliyokokotwa kupita mbele ya wafanyakazi, saa 12 na nusu za kuiunganisha zikawa dakika 93.

Lakini binadamu hawakuvumilia kurudia tendo moja mchana kutwa. Mwaka 1913 kampuni iliajiri watu zaidi ya 52,000 ili tu ibaki na wale 14,000, maana walioingia waliondoka baada ya siku chache, na kila aliyeondoka aliacha pengo katika mstari wa kuunganishia magari, ambao haukuweza kusubiri. Ujira mpya ulitangazwa tarehe 5 Januari 1914, pamoja na siku ya saa nane, ili kuwazuia wasiondoke. Haukuwa sadaka wala mshahara wa moja kwa moja: sehemu kubwa ya nyongeza ilikuwa mgao wa faida, na aliyetaka kuupata alipaswa kuwa na miezi sita kazini na kukubali wakaguzi wa kampuni waje nyumbani kuchunguza usafi, ulevi na akiba yake. Umati wa waliotafuta kazi ulipojaa langoni siku chache baadaye, ulinyunyiziwa maji ya mipira ya zimamoto katikati ya baridi kali.

Mbinu ilifaulu: kiwango cha kuacha kazi, kilichokuwa asilimia 370 mwaka 1913, kilishuka hadi 54 mwaka 1914 na 16 mwaka 1915, na katika kitabu chake cha 1922 Ford mwenyewe aliitaja hatua hiyo kuwa miongoni mwa njia bora alizopata kupunguza gharama.

Kwa hiyo mwalimu anayefundisha kisa hiki aanze na tarehe za bei kabla ya tarehe ya ujira. Mwajiri anayekinukuu ahesabu kwanza wangapi wanamwacha kwa mwaka na kila mgeni anamgharimu kiasi gani kumfundisha, kisha alinganishe nyongeza ya ujira, upunguzaji wa saa na kubadilishana kazi ili mtu asikwame katika tendo moja; na asiingie nyumba za watu. Mwandishi aache kabisa hadithi ya mfanyakazi mteja.

Model T zaidi ya milioni 15 zilitengenezwa hadi 1927. Zilienea kwa sababu bei ilishuka, na ujira wa dola 5 ulikuwa gharama iliyolipwa ili mstari ulioshusha bei hiyo usikose watu.