Je, Ni Lazima Mtu Awe na Imani Ndipo Abadilike? Swali Kutoka Tunduru

Katika toleo hili tunapenda kujadili swali ambalo limetusumbua katika kazi ya vikundi vya kuweka na kukopa wilayani Tunduru, na ambalo wadau na wafadhili hutuuliza karibu kila wanapotutembelea. Je, mtu anaweza kubadilika kweli, yaani kuacha ulevi, kuacha kuuza mali ya familia na kuanza kupanga maisha yake, bila kwanza kuongoka na kuwa na imani?

Zamani tulikuwa na jibu la haraka. Tulipoanza mradi tuliweka utaratibu kwamba kila mkutano wa kikundi ufunguliwe kwa Neno na maombi, na mwisho wa semina wale wanaotaka kuacha pombe wasimame mbele waombewe. Tunduru, kama wengi mjuavyo, wakazi wengi ni Wayao na ni Waislamu. Sisi Walutheri ni wachache sana. Watu walikuja, wakakaa kwa heshima, na walipoitwa wakasimama. Siku ya mwisho ya semina mojawapo mzee mmoja akanyoosha mkono. "Wageni wetu, samahanini. Hivi mnataka niache pombe au niache dini? Maana kama ni dini, ninayo tangu nizaliwe, na inakataza pombe kuliko hiyo yenu."

Watu walicheka, nasi tukacheka. Lakini barabara ya kurudi Songea ni zaidi ya kilomita 250, na siku hiyo hatukuwa na maongezi mengi njiani.

Kwa wasiofahamu mazingira, ni vizuri tueleze tatizo lenyewe. Mkorosho huzaa vitu viwili, korosho na bibo. Korosho ni fedha. Bibo hukamuliwa, maji yake yakaachwa yachachuke yakawa uraka, na uraka ukichemshwa na kukingwa hutoa gongo, ambayo watu wa kusini wengi huiita nipa. Kwa hiyo majira yale yale ambayo fedha inaingia nyumbani ndiyo majira ambayo pombe ni ya bei rahisi kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka, na inatoka katika shamba la mnywaji mwenyewe.

Halafu kuna kangomba. Kwa utaratibu wa stakabadhi ghalani, ulioanza kwenye zao la korosho mwaka 2007, mkulima anapeleka korosho kwenye chama chake cha msingi, zinakwenda ghalani, zinauzwa kwa mnada na yeye analipwa baadaye. Lakini mwenye shida ya fedha, au mwenye deni kilabuni, hasubiri mnada. Anachukua fedha kidogo kwa mchuuzi miezi kadhaa kabla ya mavuno, na msimu ukifika anamlipa kwa korosho kwa bei ya chini mno. Serikali imekataza biashara hiyo na watu wamekamatwa, bado ipo. Mara nyingi mke hujua habari hii siku mchuuzi anapokuja kuchukua magunia. Mama mmoja alituambia kwamba yeye hana haja ya kujua mumewe amebadilishwa na nani. Anachotaka ni kuona magunia yamefika ghalani.

Tukaanza kuangalia upya yale tunayoyaona. Jambo la kwanza lilikuwa mbele ya macho yetu kila mwaka. Ukifika mwezi wa Ramadhani, wanywaji wengi wa Tunduru huacha pombe siku zote za mfungo. Hakuna semina, hakuna posho, hakuna mratibu wa mradi. Wakristo nasi tunao wenzetu wanaoacha wakati wa Kwaresima. Anayesema imani haina nguvu ya kumbadilisha mtu ajaribu kwanza kueleza jambo hilo. Lakini vilevile, siku chache baada ya Idi (na kwetu baada ya Pasaka, tusijifiche) wengi wanarudi kilabuni. Imani yao haikuondoka na mwezi. Kilichoondoka ni ile hali ya kila mtu kufunga pamoja, kufuturu pamoja jioni, na kuona aibu kuonekana ukinywa wakati jirani yako amejizuia. Tunafikiri fundisho kubwa liko hapo.

Wazee wetu wanakumbuka jambo jingine. Mwaka 1973 nchi yetu iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi, wakasikiliza vipindi vya redio, wakasoma vijitabu, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka majani kuzunguka nyumba. Katika kundi moja aliweza kukaa Mkristo, Mwislamu na asiye na dini, na hakuna aliyeulizwa imani yake. Mwenye kusema kuchimba choo si badiliko la ndani ya mtu hajawahi kumshawishi mzee aliyezoea porini miaka hamsini.

Hata nje ya nchi mambo yanafanana. Chama cha walevi wanaosaidiana kuacha pombe, Alcoholics Anonymous, kilianzishwa mwaka 1935 katika mji wa Akron, Marekani, na walevi wawili, Bill Wilson na daktari Robert Smith. Hatua zao 12 zinamtaja Mungu waziwazi. Hata hivyo, kwa kuwa baadhi ya wenzao wa mwanzo hawakuamini, waliandika kwamba ni Mungu kama kila mtu anavyomwelewa. Njia hiyo iliyozaliwa kati ya Waprotestanti wa Marekani ndiyo iliyofika Zanzibar, ambako karibu watu wote ni Waislamu, na kuanzia mwaka 2009 vijana waliotoka kwenye dawa za kulevya waliitumia katika nyumba za kupata nafuu, wakiichanganya na ibada zao wenyewe.

Wataalamu pia wamejaribu kupima. Ufilipino, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2021 uliohusu zaidi ya kaya 6,000 maskini, baadhi walifundishwa mafundisho ya Kikristo na wengine hapana. Baada ya miezi 6 waliofundishwa walikuwa na kipato kikubwa zaidi, lakini matumizi ya nyumbani hayakubadilika na wala hawakuridhika zaidi na maisha. Nchini Liberia, katika jiji la Monrovia, vijana 999 waliozoea wizi na ugomvi walihusishwa katika majaribio ambayo hayakuwa na dini. Baadhi yao walikutana kwa wiki 8 kujifunza kuzuia hasira, kujipangia malengo na kujizoeza mwenendo mpya. Wale waliopata mafunzo pamoja na fedha kidogo walipunguza uhalifu, na miaka 10 baadaye tofauti ilikuwa bado inaonekana. Kwa sisi watu wa kanisa matokeo ya Liberia ni magumu kidogo kuyameza, lakini hatuna sababu ya kuyaficha.

Baadhi ya wenzetu walihoji kama kusema hivi si kuisaliti imani yetu. Tuliwajibu kwa Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, ambalo ni la kwetu wenyewe. Sehemu yake ya 18 inafundisha kwamba mwanadamu ana uhuru kiasi wa kuchagua mwenendo mwema wa kijamii na mambo yaliyo chini ya akili, ingawa haki mbele ya Mungu haipati kwa nguvu zake bila Roho Mtakatifu. Kwa maneno mengine, tangu mwanzo Walutheri hawakudai kwamba asiyeamini hawezi kuacha pombe au kumtendea mkewe haki. Tulidai sisi, kwenye ripoti.

Je, basi imani haina kazi? Hapana, hatusemi hivyo. Kikundi kinaweza kumtoza mtu faini, kumfuata nyumbani na kumkumbusha ahadi yake. Lakini tumekutana na mwanachama aliyeuza korosho za mwaka mzima na ada ya mtoto ikapotea humo. Alikuwa ameacha kunywa, na bado hakuweza kumtazama mwanawe usoni. Huyo hakuhitaji faini. Alihitaji kusikia kwamba amesamehewa, na neno hilo alilipata kwa watu wa dini yake. Hatukuona kikundi kikiweza kulitoa.

Kwa hiyo tumebadilisha utaratibu. Maombi si sharti tena. Kila kikundi huamua kifungueje mkutano wake. Vingine husoma dua, vingine husali Kikristo, kimoja huanza moja kwa moja na kuhesabu fedha. Ambacho hatukulegeza ni mkutano wa kila wiki, sanduku la kufuli tatu na funguo kwa watu watatu, na kila mwanachama kutamka mbele ya wenzake, mkewe au mumewe akiwapo, atapeleka magunia mangapi ghalani. Kwenye fomu ya mfadhili, palipokuwa na kiashiria cha idadi ya waliookoka, tumeomba paandikwe idadi ya kaya ambazo korosho zao zimefika ghalani. Majibu hayajaja.

Yule mzee sasa ni mmoja wa washika funguo. Bado ni mtu wa utani. Msimu wa mabibo uliopita yeye ndiye aliyependekeza mkutano uhamishwe kutoka asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Tulipouliza kwa nini, alisema hiyo ndiyo saa ambayo miguu yake inajua njia ya kilabuni.