Kucheka ndiyo kazi yangu, Nyamugari hawaamini

KUKAA kitini ukicheka peke yako saa nne asubuhi, wakati majirani wako shambani wameinama na majembe, ni jambo la hatari hapa Nyamugari. Nasema hivyo kwa sababu yamenikuta.

Mimi ni mmoja wa tuliorudi kutoka kambi ya Mtabila, wilayani Kasulu, ilipofungwa Desemba 2012. Kiswahili cha kambini ndicho kinachonilisha leo. Ofisi moja ya Dar es Salaam hunitumia vichekesho kwa simu, nami nasikiliza, natafsiri, kisha naandika Kirundi kinachopita chini ya picha. Wenzangu wa kambini watakumbuka vibanda vya video, ambako sinema za nje zilielezwa kwa Kiswahili na watu mfano wa Kapteni Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu. Yeye alifanya kazi kwa mdomo, watu wakamsikia. Mimi nafanya kwa kidole gumba, na kinachosikika nje ni kicheko tu. Sasa utatafsirije utani ambao haujakuchekesha?

Msomaji unayevuka Kabanga na Kobero unajua kuwa Tanzania iko mbele ya Burundi kwa saa moja. Ukiingia Burundi unarudishiwa saa yako, ukitoka unanyang'anywa. Wewe pengine unavuka mara moja kwa wiki. Mimi navuka kila asubuhi bila kutoka sebuleni. Bosi akisema kikao saa mbili, kwangu ni saa moja, watoto wanatafuta madaftari na uji unafurika jikoni. Mwezi wa kwanza nilichelewa vikao vyote kwa saa moja kamili, huku nikijisifu kwamba mimi ni mtu wa kufika kwa wakati.

Vya Jumamosi ndivyo vibaya zaidi. Jumamosi asubuhi, kama mjuavyo, nchi nzima iko kwenye kazi za jamii. Siku moja nilikwenda kuchimba mtaro wa barabara, jembe mkononi, kikao sikioni. Nilisahau kuzima sauti yangu. Mkuu wa kilima aliponiona nimesimama akafoka kwa Kirundi kwamba kuna watu hapa wamekuja kuota jua. Dar es Salaam wakanyamaza wote. Baadaye bosi akaniuliza kwa upole kama huyo ndiye msimamizi wangu wa huku, maana alimpenda.

Pesa nayo ina safari yake. Inatoka Dar es Salaam kwa sekunde chache hadi kwenye simu ya shemeji yangu wa Ngara. Shemeji anaitoa, anakata ya soda, anakuja nayo Kobero, ambako tunaonana na wavunja fedha ili shilingi ziwe faranga. Nao wanakata yao. Mimi nakata ya nauli. Inapofika kwa mama watoto imekwisha kukonda, naye anaitazama kama mtu aliyeletewa kuku wa kudonoa mchanga.

Ndani ya nyumba, kila mtu anajua simu ni ya kazi, na kila mtu ana kazi nayo. Mama watoto ana tamthilia yake. Vijana wana Simba na Yanga. Binti yangu mdogo amegundua kwamba akikaa nyuma ya kiti changu anaona vichekesho bure, kabla ya dunia nzima. Bando nililonunua la siku tatu linafika adhuhuri likiwa hoi.

Tatizo kubwa lakini lilikuwa betri la sola. Nilinunua jipya, muuzaji wa Bujumbura akalipakia kwenye gari na kuandika juu ya boksi: Nyamugari. Sasa Nyamugari si moja tu. Yetu ni ya Muyinga, ambayo tangu mikoa ilipopunguzwa mwaka 2025 imo katika mkoa mpya wa Buhumuza. Nyingine iko Gitega, na Gitega tangu mwaka 2019 ndiyo makao makuu ya kisiasa. Boksi lisilo na maelezo litakwenda wapi kama si kwa wakubwa? Nilipopata namba na kupiga, kijana wa huko aliniambia bila wasiwasi kuwa betri ni zima kabisa, wamelijaribu, na nisimsumbue kwa sababu mpira uko kipindi cha pili.

Wiki mbili sikufanya kazi. Bila kazi hakuna pesa ya kupitia kwa shemeji, na bila pesa hiyo hakuna vibarua wa kulima. Hapo ndipo kicheko kilipokwisha.

Mtoto wa baba yangu mdogo alilima shamba letu miaka yote tuliyokuwa Tanzania. Tuliporudi tuligawana, yeye juu, sisi chini. Waliorudi wanajua mgawanyo wa namna hiyo hauponi haraka. Tume ya ardhi iliyoundwa mwaka 2006 ilimaliza muda wake mwaka 2022, na sisi wengine tumebaki na wazee wetu wa kilima. Binamu akawaendea. Akasema sehemu ya chini imeota majani, na mwenyewe yumo ndani anacheka mchana kutwa. Mtu wa hivyo, akauliza, ardhi ya nini?

Wazee watatu wakaja. Sikuwa na cheti cha kazi wala barua ya ofisi, nikawatolea simu. Nikawaonyesha picha, nikawaonyesha maandishi, nikawaeleza kwamba dakika kumi za kichekesho ni kazi ya siku mbili. Mzee wa kati akasema hawezi kuamua kesi kwa kuona nusu, weka yote. Niliweka yote. Yule mkali kuliko wenzake alifuta machozi kwa kofia. Binamu, aliyekuwa amesimama mlangoni kama mlalamikaji, alijikuta amekaa chini mbele kabisa, karibu na binti yangu.

Bando likakatika katikati ya sehemu ya kwanza ya kisa cha mkwe na mbuzi.

Wazee wakashauriana nje, kisha wakatoa neno. Kazi wameiona, ila shamba nalo wameliona. Wamenipa hadi mvua za Septemba, sehemu ya chini iwe imelimwa hadi mpakani, ama sivyo watasikiliza tena maneno ya binamu. Mama watoto amesema hatalima peke yake kwa ajili ya mwanaume anayecheka. Betri limerudi kutoka Gitega, limechoka kidogo. Naanza kazi saa kumi usiku, watoto wakiwa wamelala, na saa moja ya asubuhi nakwenda shambani na jembe langu.

Jana binamu alinikuta mpakani. Alisimama muda mrefu akipima kwa macho nilipofika. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, kama sehemu ya pili ya mbuzi imeshatumwa.