Ndia Kuu, Kahawa Tungu na Meseji ya Uongo

Mji wa Kale wa Mombasa hautaki haraka. Sisi tulianzia Fort Jesus asubuhi, jua likiwa bado poa. Ngome hii Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, na UNESCO ikaiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011. Kutoka hapo ni hatua chache tu hadi Ndia Kuu. (Ndia ni njia, kwa Kimvita.)

Nyumba za zamani hapa ni za mawe ya matumbawe na chokaa, dari zikibebwa na boriti za mikoko. Moja ya manjano, jirani yake buluu, inayofuata nyeupe iliyoliwa na chumvi ya bahari. Inua macho uone roshani za mbao zilizochongwa. Lakini ukitaka kupiga picha mlango wa mtu, piga hodi kwanza. Watu wanaishi humo.

Karibu na bandari ya zamani tukaagiza kahawa tungu na kashata, tukalipa kwa simu. Tukamwonyesha mzee meseji yetu. Wala hakuitazama.

"Ngojeni, wanangu."

Akatoa simu yake, akavaa miwani, akaangalia salio. Pole pole kweli kweli.

Ana sababu. Siku moja aliingia meseji kwamba ametumiwa shilingi 1,500. Mara simu ikalia: "Mzee samahani, nimekosea namba, nirudishie." Akarudisha. Kumbe hakuna kilichoingia. Alituma pesa zake mwenyewe, zile za kununulia kahawa na sukari ya kesho. Siku mbili dele lilikaa nyumbani.

Ile meseji ilitoka kwa namba ya mtu wa kawaida. Yetu huja na jina la huduma, lakini hata ukiliona jina, angalia salio. Mtu akidai amekosea, usimrudishie wewe. Mwambie apigie huduma kwa wateja, tushughulikie sisi. Na PIN yako hatuiombi, hata siku moja.

Wewe mgeni nawe, usimalize kulipa kabla ya kusoma jina linalotokea kwenye simu. Kwenye vichochoro vile, tuktuk zikipiga honi, sita na saba husikika vibaya.

"Imeingia," mzee akasema mwishowe, akatumiminia kikombe cha pili bila kuulizwa.