Joto la vifaranga linaanzia sakafuni

Chukulia umeleta vifaranga 100 wa siku moja nyumbani kwako Usa River, katikati ya Julai. Chungu cha mkaa kinawaka, banda umelizungushia turubai, na wewe mwenyewe ukiingia unasikia joto kabisa. Asubuhi unakuta kumi wamekufa, wamelaliana kwenye kona. Jirani atakwambia ni ugonjwa, na inawezekana. Lakini kabla hujakimbilia duka la dawa za mifugo, inama uguse sakafu.

Hewa ya moto hupanda juu. Kwa hiyo joto unalolisikia usoni siyo lile analolipata kifaranga aliye chini, sentimita chache tu kutoka sakafuni. Ukitundika kipimajoto ukutani usawa wa macho yako, unapima joto lako wewe. Kishushe mpaka usawa wa mgongo wa kifaranga, halafu usome tena. Utashangaa.

Kwa nini hili ni jambo kubwa? Kifaranga huyu ana manyoya laini tu, na katika siku za mwanzo mwili wake haujaweza kujitunzia joto. Wiki ya kwanza anahitaji nyuzi 32 hadi 35 za Selsiasi pale alipo. Baada ya hapo unapunguza nyuzi 2 au 3 kila wiki, kadiri manyoya yanavyoota.

Sasa tuje kwenye saruji. Saruji hupitisha joto zaidi ya mara kumi kuliko maranda makavu, kwa sababu maranda yamebeba hewa nyingi katikati yake, na hewa iliyotulia haipitishi joto vizuri. Kifaranga akisimama kwenye saruji ya baridi, joto lake linatoka kupitia miguuni, hata kama hewa ina moto. Ndiyo maana tunatandika maranda au pumba za mpunga, unene wa sentimita 5 hadi 10. Tena saruji ni nzito na inachelewa kupata moto, kwa hiyo msimu wa baridi washa bruda siku moja kabla vifaranga hawajafika, siyo wakati boksi liko mlangoni.

Haya, sakafu ina joto. Je, lina uwiano? Hapa kuna somo kutoka nchi za baridi kama Ujerumani, ambako nyumba nyingi hupashwa joto kwa mabomba ya maji ya moto yaliyofukiwa sakafuni. Maji hupenda njia rahisi: bomba fupi linapata mengi, bomba refu linapata machache, basi chumba kimoja kinakuwa cha moto na kingine baridi. Fundi haongezi moto. Anabana kidogo koki ya bomba fupi ili maji yaende na kwenye lile refu, kisha anasubiri saa nyingi kabla ya kugusa tena, maana sakafu hujibu polepole.

Bruda yako ni hivyo hivyo. Wengi wakiona baridi wanaongeza mkaa. Matokeo yake, walio karibu wanaungua na walio mbali bado wanatetemeka. Mara nyingi tatizo siyo uchache wa joto, ni mgawanyo wake. Vyungu viwili vidogo vilivyoachana ni bora kuliko kimoja kikubwa. Zungushia duara la hadibodi ili kusiwe na kona ya kulaliana, na ziba upepo unaopita chini ya mlango.

Kisha waache vifaranga wakuambie. Wakijirundika huku wanalia, wana baridi. Wakikimbilia pembeni na kutweta midomo wazi, joto limezidi. Wakihamia wote upande mmoja, tafuta upepo unapoingilia. Wakitawanyika, wengine wanakula na wengine wamelala, hapo umepatia. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati, subiri kama saa moja, ndipo uangalie tena. Ukibadilisha vitatu kwa mpigo hutajua kipi kimesaidia.

Tahadhari moja: usizibe banda lote. Mkaa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, inayoshikamana na damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Inaua vifaranga, na inaua mtu. Washia mkaa nje mpaka moshi uishe, lakini kumbuka hata mkaa usio na moshi bado unatoa gesi hiyo. Acha uwazi sehemu ya juu ya ukuta, na usilale humo.

Usiku wa leo, kabla hujaongeza mkaa, chukua kifaranga mmoja wa pembeni na mwingine wa karibu na chungu. Gusisha miguu yao shavuni kwako, kisha unawe kwa sabuni. Ikiwa miguu ya huyu wa pembeni ni ya baridi na ya mwenzake ina moto, mkaa unatosha. Sogeza chungu.