Majani mekundu ya Rukwa ni machanga

WAKATI barani Ulaya majani ya miti mingi hugeuka rangi kabla ya kupukutika, mkoani Rukwa wekundu ni dalili ya uhai mpya. Miti ya miombo huchipua majani mekundu kati ya Septemba na Oktoba, kabla mvua hazijaanza. Rangi hiyo huyakinga na jua kali hadi yakomae na kuwa ya kijani.

Anayetaka kuyaona asiishie Sumbawanga mjini, kwani sehemu kubwa ya uwanda wa Ufipa ni nyasi. Ashike barabara ya Ntendo-Muze, inayoteremka miteremko ya Bonde la Ziwa Rukwa.

Hata hivyo, moto wa mwishoni mwa kiangazi ndio unaoidhuru zaidi miombo: huunguza machipukizi na kuua miche.